Uso wa Kuazima

Ibadakuli, Shinyanga
Juni 1954

Mume wangu Donatus,

Huko machimboni Geita, pokea shikamoo yangu na ya mwanao Klara, ambaye sasa anatembea mwenyewe. Pamba tumevuna vizuri.

Picha yetu ya harusi ililiwa na mchwa. Mimi nilibaki mzima, ila uso wako ulitoboka wote. Nikaipeleka mjini kwa Gregory, fundi picha, anayerudisha sura kwa brashi na kutia rangi. Akasema, "Niletee ndugu yake wa damu nimtazame." Mama yako akanipa mdogo wako Bujiku, akamvika koti lako.

Picha imetoka nzuri mno. Midomo yangu imetiwa wekundu, na kando yangu amesimama Bujiku. Nikasema, "Mama, huyu siye." Akanijibu, "Mama Klara, mwanangu nisimjue mimi?"

Tangu siku hiyo Bujiku havui koti. Mama akiita "Donatus," yeye ndiye anayeitika, na hakuna anayecheka. Klara anamwita baba. Hata mimi nikijaribu kuukumbuka uso wako, unanijia wa kwake.

Jana jioni mlango uligongwa. "Mama Klara, nimefika kutoka Geita, nifungulie." Sauti ilikuwa yako kabisa. Nilimkumbatia mtoto, sikufungua, mpaka nikasikia hatua zikiondoka.

Kama ulikuwa wewe, mume wangu, nisamehe, urudi tena. Ukifika mlangoni sema lile neno uliloninong'oneza kanisani, ambalo Bujiku halijui. Nitafungua hapo hapo.

Mkeo anayekungoja,
Bernadina