Dohani ya Nyumba Mbili

Mama,

Paa limetengenezwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla hujaniuliza kama nimekula.

Mengine yamebadilika kidogo kidogo. Salma amenipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili bado ananijibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham, lakini wewe kwake ni Bibi tu, na akilitaja jina hilo sauti inamshuka. Mie bado nashuka basi kituo kile kile cha High Street hapa Erdington, na nikimpita muuza samaki mkono unataka kwenda kwenye vibua ulivyovipenda. Siku moja nilivinunua. Nilifika nyumbani nikasimama navyo jikoni nikalia, kisha nikavikaanga, maana vingeharibika.

Chumba chako nilikiacha kama ulivyokiacha. Salma huingia humo kufanya kazi zake za skuli, anakaa kitandani pako, anasema mna utulivu. Yeye ndiye aliyeniita. Majani ya miti yalikuwa yameanza kuanguka, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilipopanda juu nikaona maji yanateremka ukutani, pale palipokuwa na meko ya makaa kabla hayajazibwa, yanapita nyuma ya kabati lako. Hayakuwa mengi. Yalikuwa na rangi ya chai.

Tukalisukuma kabati, mie na Salma. Mama, nyuma ya kabati ukuta mzima ulikuwa mweusi kwa ukungu. Na chini, kwenye pembe, nilikuta taulo zako za kijani, zile ulizonambia umezitoa sadaka. Zimekunjwa vizuri, moja juu ya moja, zimekauka na kukakamaa kama kadibodi.

Kumbe ulijua.

Nilikaa sakafuni. Salma akaniuliza nini, nikamwambia mgongo.

Fundi wa paa alikuja siku ya pili yake, Mjamaika mmoja mtu mzima wa Perry Barr, mpole. Akapanda ngazi, akashuka, akanionesha picha kwenye simu. Tatizo lilikuwa dohani, bomba la moshi wa yale meko ya zamani. Bati la madini ya risasi linaloizunguka limechanika na saruji imekwisha, maji yanapita humo kama mlangoni. Nikamwambia basi tengeneza. Akatikisa kichwa. Akasema dohani hii ni ya nyumba mbili, nusu yako nusu ya jirani, na akiziba upande mmoja maji yatazunguka upande wa pili na kurudi. Lazima jirani akubali, ili yeye fundi asimamishe jukwaa la kupandia mara moja tu, atengeneze pande zote mbili. "Kaongee naye," akanambia. Kwake lilikuwa jambo dogo.

Angelijuaje? Jirani wa upande huo ni Mama Ifrah.

Salma juzi aliniuliza ilikuwaje mkagombana, ikabidi nimweleze. Nikamwambia Mama Ifrah, yule Msomali aliyekulia Garissa, alikuwa akipokezana sahani na Bibi juu ya uzio wa nyuma mpaka watu wakadhani ni ndugu. Nikamwambia kuwa mwaka baba yake aliponiacha, nikarudi kwa Bibi na yeye mkononi, Mama Ifrah alisema siku ya Idi mbele ya wanawake waliojaa sebuleni kwake: "Msichana akirudishwa kwao, kuna kitu mamake hakumfunza." Mie sikuwepo. Nilisimuliwa. Walisema uliinuka, ukavaa viatu vyako, ukatoka. Toka siku hiyo hukumsemesha tena, wala hukunipa ruhusa mie kumsemesha. "Yule kwetu hayupo," ulinambia. Nilifuata. Hata ulipofariki, nyumba ikajaa watu, yeye sikumwona, na nikasema moyoni kumbe Mama alimjua vizuri.

Basi sikwenda. Niliweka beseni, nikalimwaga, nikaliweka tena. Nilijiambia nangoja mvua ipungue, kama kwamba Birmingham mvua hupungua. Nilikuwa naogopa, Mama. Nilihisi nikibisha mlango ule nitakuwa nimekukana.

Kisha dari likaanguka. Kipande kikubwa, kizima, juu ya kitanda chako. Salma alikuwa ametoka humo kwenda kuchukua chaja. Nilimkuta amesimama kwenye korido na chaja mkononi, na mto aliokuwa ameuegemea umefunikwa na chokaa na mbao mbovu. Nilimshika mabega nikamtazama kote kama mtoto mchanga. Halafu nikashuka ngazi na kanga zangu za ndani, nikatoka mvuani, nikabisha hodi kwa Mama Ifrah.

Alifungua mwenyewe. Amezeeka. Anatembelea fimbo sasa. Aliniangalia nilivyolowa, akasogea pembeni, akasema, "Ingia. Wewe ni mtoto, huwezi simama nje."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya dohani tu. Akasema, "Najua. Kuja uone."

Alinipandisha juu polepole, ngazi moja moja. Chumba chake cha kulala kiko ukuta mmoja na chako. Mama, kilikuwa hivyo hivyo. Ukuta mweusi, beseni chini, kitanda kimesogezwa mpaka mlangoni. "Mimi hiyo maji nimejua kitambo," akasema. "Fundi mmoja aliniambia kabla mamako hajakuwa mgonjwa. Akasema niongee na yeye. Sikuweza."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulijua na kwetu yanaingia?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unamsikia anakohoa?"

Akakaa kitandani. "Nilikuwa namsikia kila siku," akasema. "Akikohoa, mimi huku nasema pole, pole, kwa ukuta. Ikafika siku sikusikia. Nikajua mbele ya mtu kuniambia. Nikavaa, nikafika kwa geti yenu, nikaona wamama wanaingia. Miguu ikakataa."

Ningependa kukwambia nilimhurumia. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno. Nilimwambia mama yangu amelala msimu mzima wa baridi, wa mwisho wa maisha yake, kwenye chumba chenye maji kwa sababu yeye alishindwa kutembea hatua chache. Hakujitetea. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, kila neno, kama mtu anayesomewa orodha anayoijua. Hilo ndilo lililonimaliza. Na nilipokuwa nasema nikaziona zile taulo za kijani akilini mwangu, zilivyokunjwa, nikajua nusu ya maneno yale yanakuhusu wewe.

Nimekukasirikia, Mama. Nakwambia kwa sababu sijawahi kukuficha. Ungenambia. Ningekwenda kwake mie, ningemtafuta fundi, ningekuhamishia chumbani kwangu. Ulisukuma kabati lile peke yako, na kifua kile. Daktari alisema ni moyo, wala si mapafu. Nimelishikilia neno lake hilo, na siku nyingine linaniponyoka.

Najua ulinyamaza kwa ajili yangu. Ulivunja urafiki ule kwa ajili yangu. Usingekwenda kumwomba kitu mtu aliyenidhalilisha, hata dari likuangukie. Hilo nalo nalibeba. Sijui niliweke wapi.

Tulitengeneza. Jukwaa la mabomba lilisimama mbele ya nyumba zote mbili, na Mama Ifrah akawa anampikia fundi chai ya maziwa na mandazi, fundi akawa hataki kumaliza. Waliweka bati jipya la risasi, wakajenga upya kichwa cha dohani, wakabadilisha vigae vilivyopasuka. Ukuta nimeukwangua na Salma, dari limepigwa plasta, na Salma amechagua rangi, buluu ya mpauko. Ungesema ya hospitali. Kitanda kipya ni chake sasa. Chumba nimempa. Nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Siku fundi alipoteremsha jukwaa, Mama Ifrah alinishika mkono pale mlangoni. Alisema, "Lile neno nilisema siku ya Idi lilikuwa la ujinga. Nisamehe." Nikamwambia nimemsamehe, na ni kweli, Mama, lilitoka lenyewe. Neno lile alinitupia mie, nami nilikuwa nimechoka nalo. Akaniuliza, "Na yeye? Unafikiri angenisamehe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Angelala vizuri. Lakini nilikumbuka uso wako ukisema yule kwetu hayupo, nikamwambia sijui.

Akaomba nimpeleke kwako. Nimempeleka Jumapili iliyopita, kwa gari la Ifrah, binti yake. Majani yalikuwa yamelowa, fimbo yake inazama, nikamshika kiwiko mpaka kaburini. Aliinua mikono akaomba dua. Kisha akaanza kuongea na wewe kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, si kwa Kisomali. Niliposikia anakuita kwa lile jina la utani mlilokuwa mkiitana kwenye uzio, nikageuka nikaondoka. Nilikwenda kusimama na Ifrah garini. Aliongea kwa muda mrefu. Mara moja nilimwona anacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Aliporudi sikumuuliza kitu, naye hakusema. Tulirudi Erdington, wipa zinakwenda na kurudi.

Wanawake wameanza kusema mmepatana. Wananiambia kwa furaha, na mie nawajibu kwamba sijui. Nakuahidi hili, Mama: sitasema kwa niaba yako neno ambalo hukulisema. Mengine yako nitayatunza, Salma nitamlea, kaburi lako nitalifyeka. Hilo la kusameheana nitawaachia nyinyi wawili.

Mungu akupe mahali pakavu, penye joto. Nimekukabidhi kwake mpaka tuonane.

Mwanao,
Zuhura