Siku Niliyofuta Plamsi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Lushoto baridi imetushika, ila Elia wangu ameota meno mawili, na bibi yako, dada yangu, anakusalimu sana. Umeniuliza kama uombe cheo wakati juzi tu umekosea kazini. Ngoja nikwambie.

Nilipoanza kwenye banda la kupanga matunda, nilifuta plamsi za kreti nzima kwa khanga ili zing'ae, mama mwenye banda anione. Kumbe ule unga mweupe juu yake ndio unaozilinda zisioze njiani kwenda mjini.

"Nani kazisugua kama vyombo?" akauliza.

Nikasema ni mimi. Hizo tukaziuza hapa sokoni siku ileile, na za kreti nyingine nikawaonyesha wenzangu namna ya kuzishika kwa kikonyo, unga usifutike.

Jioni nikamfuata. "Mama, ile nafasi iliyo wazi ya kusimamia meza ya kupangia naiomba mimi."

"Wewe mtoto wewe! Asubuhi umeniharibia mzigo, jioni unaomba cheo?"

"Ndiyo, mama. Kosa hili kwenye meza yangu halitarudiwa."

Akacheka mpaka akakaa. Jumatatu nikaanza kusimamia.

Kesho mwamkie bosi wako vizuri, kisha mwombe.

Akupendaye, bibi yako mdogo anayekuzidi miaka sita tu,
Mama Elia