Laptopu kwa Kipimo cha Jirani

Nyumba ya kona, nyuma ya soko,
Alhamisi, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Habari za huko, na habari za wodini? Je, ule mgongo umeacha kukusumbua, au bado unawainua wagonjwa peke yako kama mtu anayepakia magunia? Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Miguu inamuuma asubuhi, lakini mdomo hauna tatizo lolote, na kila mtu akibisha hodi anasema ni wewe umekuja. Shemeji yako naye yupo, anachomelea mageti ya watu huku la kwetu likifungwa kwa kamba.

Mimi afya ninayo, ila moyo umekataa kutulia. Jana nilikupigia simu nikitaka kukueleza, na unakumbuka nilivyoishia kukuuliza kama huko kunanyesha. Nikisikia tu sauti yako machozi yanakuja, halafu unaanza kuniuguza mimi badala ya kusikia neno lenyewe. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua hii nampa yule nesi mwenzako aliyekuja likizo, anarudi kazini Jumapili.

Neno lenyewe ni binti yangu, Kifutio. Jina hilo ulimpa wewe, alipokuwa hajaanza hata shule. Anachora nyumba, anafuta dirisha, analichora tena, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Tabia hiyo hakuiacha. Juu ya cherehani yangu alinibandikia mchoro wa kiwanda cha kushonea atakachonijengea, na dirisha kubwa ameliweka upande wa kushoto ili mwanga uangukie kwenye sindano. Hakuna aliyemwambia. Amekaa miaka yote akiniangalia ninavyokaza macho.

Basi alipopata nafasi ya kusomea uchoraji wa majengo, ulifurahi kuliko sisi sote. Ukasema laptopu ya chuoni ni juu yako, sisi kazi yetu iwe kuchagua. Ndugu yangu, kuchagua kitu usichokijua ni mtihani.

Nilikwenda dukani peke yangu, nikitaka kumshtukiza mtoto. Zimepangwa mezani, zote zimefunuliwa, zote nyeusi au kijivu. Nikafanya ninachokijua: nikazinyanyua kupima uzito, nikapitisha kidole kwenye maungio, nikabonyeza vitufe kimoja kimoja kama ninavyojaribu pedali. Muuzaji akaniuliza binti anakwenda kuifanyia nini. Nikamwambia kusoma. Akauliza, "Kusoma nini, mama?" Nikaona huyu sasa ananizungusha ili aniuzie ya bei mbaya. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya laptopu ya binti wa jirani, yule anayemaliza uhasibu, nikasema nataka kama hii, isizidi wala isipungue.

Unaujua utaratibu wa kazi yangu. Mteja akija na gauni la dada yake akasema nishonee kama hili, nampigia kelele mpaka majirani wanachungulia. Kibao kiko ukutani, uliniandikia wewe kwa mkono wako: HATUSHONI BILA KUKUPIMA. Na mimi nimekwenda kumnunulia mwanangu mashine kwa kipimo cha mtoto wa mtu mwingine, nikarudi nyumbani nimejaa furaha.

Alipofungua boksi alinikumbatia, akasema ni nzuri. Lakini uso ule naujua. Ndio uso wa mteja ambaye gauni linambana kwapani, naye anaona haya kusema kwa sababu fundi amekesha.

Tangu siku hiyo namwangalia pembeni. Anawasha ile programu ya kuchorea majengo, nyumba inatokea nusu, paa halijafika, mashine inaanza kuvuma, kisha inaganda. Anaizima. Anangoja. Anawasha tena. Nikimuuliza anasema inatosha, mama. Shemeji yako anasema kompyuta ni kompyuta, tumpe muda ataizoea. Nimemwambia arudi kwenye mageti yake.

Sasa jana binti wa jirani alikuja kujaribu sketi. Nimepiga magoti napima pindo, pini mdomoni, naye anaongea kama kawaida yake. Mara akasema, "Mama, nimefurahi kweli kusikia Kifutio naye anahamia uhasibu. Ameniomba vitabu vyangu vya mwaka wa kwanza." Nashukuru zile pini, maana sijui ningejibu nini. Kidogo nimchome kisigino.

Alipoondoka nilimfuata Kifutio uani, anaanua nguo. Nikamuuliza kama ni kweli. Hakugeuka. Akasema, "Uhasibu nao una kazi nyingi, mama. Na laptopu hii inaufaa." Nikamuuliza, "Na wewe unakufaa?" Akakunja shuka lote mpaka mwisho ndipo akajibu, "Nitazoea."

Mdogo wangu, niliingia ndani nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Nimeshona tangu kabla hujaota ndevu, na sijawahi kumwona mtu anayekubali kukatwa mwili ili gauni limwenee. Wa kwanza ni mwanangu, na gauni nimelileta mimi. Naogopa, nakwambia kweli. Naogopa kwa sababu anafanya kwa upole, hana hasira hata kidogo. Angenifokea ningepata pa kushika.

Leo asubuhi nimerudi dukani na haya zangu. Nilivyomdhania vibaya yule muuzaji! Amekubali kuipokea na kutubadilishia, ilimradi iwe kabla ya wiki ijayo kwisha, na badala ya nyongeza ya bei shemeji yako atamtengenezea mlango wa chuma. Hapo nikapumua. Kisha akaniuliza swali lile lile la siku ya kwanza: binti anatumia programu gani, na zinataka mashine ya nguvu kiasi gani? Anayejua jibu ni Kifutio, na nimemwomba anitajie mara tatu leo. Anasema mjomba ameshaumia mgongo vya kutosha kwa ajili yake, tuache hivyo hivyo. Jumatatu anakwenda chuoni kubadili kozi.

Kwa hiyo nakuomba mpime wewe. Wewe hakukatalii, tangu utoto wake hajui kukukatalia. Mwulize mashine inayomfaa ni ya namna gani, na asikupe jibu la adabu, akupe la kweli. Usimwambie nimekuandikia. Mwambie tu ulitaka kujua ile nyumba aliyoahidi kukuchorea itakuwa na vyumba vingapi, atafunguka mwenyewe. Akishakutajia, nitumie ujumbe, na mimi nitaupeleka dukani kama ulivyo, sitaongeza akili yangu hata tone.

Na kama umenikasirikia kwa kuharibu ulichotoa kwa jasho, nikasirikie, ni haki yako. Ila hasira hiyo iweke mpaka Jumanne.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa chake nimekipata na vipimo vyake ninavyo, asihofu. Wabusu wale watundu wawili. Mama anasema uvae sweta. Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama huko watu wana mageti.

Mungu aibariki mikono yako inayohudumia watu, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni.

Nyongeza: Nimeingia chumbani kwake kutafuta bahasha. Tangu asubuhi niliona ukuta juu ya cherehani uko mtupu, nikadhani upepo umeangusha ule mchoro wa kiwanda changu. Haukuanguka. Ameukunja mara mbili na kuutandika chini ya laptopu, isikwaruze meza. Ukipata barua hii usingoje hata kuvua viatu. Mpigie.