Kipande cha Chuma Pajani Mwangu

Jumatano, Nguvumali. Manyunyu tangu alfajiri, na pumzi zangu leo ni fupi.

Pajani mwangu hakuna kipande cha bomu. Hakijawahi kuwamo. Nimewaficha watu jambo hili tangu nikiwa mwalimu kijana. Nilimficha hata marehemu mke wangu, aliyekuwa akinikanda mguu huu kwa mafuta ya nazi kila baridi ilipoingia.

Wanafunzi niliowafundisha fizikia waliniita Mwalimu Bomu, nami nikaitika. Msikitini kiti changu huwekwa safu ya kwanza, pembeni, na vijana wanaonipokea fimbo huniita shujaa. Sijamkosoa hata mmoja. Hospitalini nimekwepa mara tatu kupigwa picha ya mguu.

Daktari wangu wa moyo ameacha kuzungumzia mwezi ujao. Najua maana yake.

Ila si kifo kinachoniandikisha leo. Ni mjukuu wangu Mwanahamisi, aliye kidato cha tatu.

Wiki mbili sasa anafanya jaribio la shule. Ameunda kifaa cha kutambua metali kwa waya wa shaba aliouzungusha kwenye kifuniko cha ndoo, betri na redio ndogo. Anasogeza kitu karibu, anapima kwa rula ni wapi mlio unapobadilika, anaandika. Msumari na nati hushusha mlio. Kipande cha shaba na kifuniko cha sufuria ya alumini huupandisha. Nilimwelekeza kidogo tu. Kazi ni yake, na ni kazi safi. Hata aliufunika msumari kwa pande la nyama ya ng'ombe aone kama nyama itazuia. Haikuzuia.

Sikujiuliza nyama ile ilikuwa ya nini.

Jana baada ya Alasiri alinijia na kifaa chake.

"Shikamoo, Babu. Nyoosha mguu."

"Marahaba. Mguu wangu umekukosea nini?"

"Wewe ndiye sampuli yangu ya mwisho. Mlio ukishuka, bomu lilikuwa la chuma. Ukipanda, tutajua ni metali nyingine. Kwenye bango nitaandika: sampuli kutoka vitani."

Mama yake, binti yangu Zuhura, alikuwa anakuna nazi mlangoni. "Ukimaliza mguu mpime na tumbo," akasema. "Vijiko vyangu viwili sivioni tangu Idi."

Tukacheka wote. Ningeweza kukataa. Ningesema naumwa, na ingekuwa kweli.

Nikanyoosha mguu.

Mlio haukushuka. Haukupanda.

Akabadili betri. Akanihamisha kutoka kwenye kitanda cha chuma hadi mkekani. Akajaribu msumari, mlio ukashuka vizuri kabisa. Akarudi pajani, akapitisha kifaa juu ya kovu taratibu, mara tatu, mara nne. Hakuna kitu.

"Labda kimezama sana kwenye nyama," nikasema.

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Mimi, mwalimu wa fizikia. Paja langu sasa ni ngozi na mfupa. Lile pande la ng'ombe alilofunikia msumari lilikuwa nene zaidi.

Akakaa chini, akafungua daftari, akachora mstari juu ya jedwali lote la wiki mbili. Chini yake akaandika: Kifaa hakiaminiki.

"Mwanangu, si lazima ufute," nikasema.

"Babu, kama hakioni bomu ambalo lipo, hayo mengine yote kilikuwa kinabahatisha. Ijumaa wanakuja walimu wa shule nyingine kutazama. Nitamwambia mwalimu mimi najitoa. Sitaki kuaibika."

Zuhura akaacha kukuna nazi. "Wiki mbili unanimalizia betri za redio, leo unajitoa?"

Mwanahamisi alikuwa anaufungua waya.

Hakunitilia shaka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa na ushahidi mikononi, akautupa kwa sababu ulinipinga mimi. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba ukipata jibu usilolitarajia, kagua kifaa, rudia, kisha likubali jibu. Yeye alikagua. Akarudia. Aliyemzuia asilikubali jibu ni mimi.

Asubuhi hii nilikusudia kumwambia kwa mdomo. Aliponiletea uji nikamuuliza kama mvua itakatika.

Basi naandika. Yeye ndiye husoma kwanza kila ninachotaka kukiweka hapa mtandaoni, akarekebisha herufi ambazo vidole vyangu vimezikosea. Mwanahamisi, leo usirekebishe kitu. Kifaa chako kinafanya kazi. Zungusha upya waya wako, lirudishe jedwali, na mguu wangu uuandike kama kifaa kilivyokuonyesha: hakuna metali. Mwalimu akikuuliza umejuaje, mwonyeshe ukurasa huu. Mama yako naye asome.

Karibuni nitaoshwa. Sitaki waoshaji waliangalie kovu hili kwa heshima ambayo halistahili.

Vitani sikufika. Tulikuwa kambini, wanamgambo, tukisubiri malori ya kutupeleka mpaka wa Uganda. Siku ya mwisho nilipangiwa zamu ya kupasua kuni za jikoni. Nilibebwa hospitalini paja likiwa limefungwa gunia. Nafasi yangu kwenye lori akapewa Bakari, kijana mwenzangu wa Mkwaja, ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya siku ile. Bakari hakurudi. Nyumbani nilisema ni bomu. Daktari wa kule nilimwambia shoka liliteleza, naye akaandika hivyo.

Shoka halikuteleza. Nililenga.