Mbio za Mama na Mtoto

Mama,

Jumamosi uliyozikwa mimi nilikuwa uwanjani hapa Maskati, nimevaa kofia nyekundu ya timu, napuliza filimbi. Najua Mwakio akiulizwa atasema tu kwamba dada alikuwa kazini. Nataka wewe ujue ilivyokuwa.

Pasipoti yangu ilikuwa imeisha muda. Krismasi uliniambia, "Mghoi, karatasi za safari si za kuwekea kesho," nami nikacheka. Mwakio aliponipigia Jumapili kusema presha imekuzidi, umefia hospitalini, sikuwa na cha kupandia ndege. Siku nne nilizunguka ofisi, ya tano ikawa Ijumaa, ofisi zimefungwa. Kila mtu alinipa pole. Pole nyingi, Mama, na hakuna hata moja iliyokuwa na muhuri. Hiyo pasipoti imefika juzi.

Mwalimu Sachiko, mkuu wetu wa shule, yule uliyezoea kuniuliza kama nimeshamfundisha kula ugali, aliniambia nibaki nyumbani nipumzike. Nyumbani gani? Chumba changu cha mtaa wa Ruwi, mimi na ukuta. Nikasema nitakuja. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu: unashushwa saa tano kwenu, saa sita kwetu, na michezo ingekuwa imekwisha saa tano ya huku. Ningejifungia kwenye gari la shule, Mwakio anipigie kwa video, nikuone.

Ungeiona hiyo siku ya michezo ungefurahi. Chekechea yetu ndogo, watoto wa Wajapani wanaofanya kazi huku, na kila mmoja amekuja na ukoo: mikeka imetandikwa, vyakula kwenye vikopo, nyanya wamesafiri kutoka Japani kuja kumwona mjukuu akikimbia hatua thelathini. Kuna mchezo wa kurusha vipira vya kitambaa kwenye kapu lililo juu ya mlingoti mrefu, kisha watu wote wanavihesabu kwa sauti, kimoja kimoja. Hakuna mtoto anayeharakishwa. Hakuna kabisa. Ndiyo maana tulichelewa. Saa sita kasoro dakika chache, mbio za mama na mtoto zilikuwa bado.

Hana, wa miaka minne, alikuwa amesimama kwenye mstari peke yake. Mama yake alikuwa amelazwa, amejifungua, na baba yuko naye huko. Sachiko akanijia, akainama kidogo kama kawaida yao, akaniomba nikimbie na Hana mimi. Hakujua saa ya mazishi. Sikuwa nimemwambia. Ningemwambia, angenipeleka garini kwa mkono wake mwenyewe.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ningeweza kusema hapana, Mama. Lakini mkono wa Hana ulikuwa umeshaingia kwenye wangu, una jasho na mchanga.

Tulikimbia. Katikati akasimama, akawatazama wale mama wengine wakiwanyanyua watoto wao kwenye utepe wa kumalizia mbio, akakaa chini kwenye nyasi. Akaita, "Mama!"

Kwa Kijapani pia ni mama. Nimelisikia neno hilo kila asubuhi kwa miaka miwili na halikuwahi kunifanya kitu.

Akaita tena. Simu ikatetemeka tena. Nilijua wakati huo kamba za kukushusha kaburini zimeshashikwa. Nilipiga magoti nimbembeleze, nikafungua mdomo nimwambie "daijobu," hakuna neno, yote sawa, kama ninavyomwambia kila akianguka. Halikutoka. Ulitoka wewe: "Mama!" Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, na kofia nyekundu kichwani, nimekaa kwenye nyasi namlilia mama yangu pamoja na mtoto wa watu.

Wazazi walipiga makofi. Huwa wanampigia wa mwisho mpaka afike, na hawakuacha. Walidhani namlilia Hana, sijui. Hana ndiye aliyesimama kwanza. Akanivuta. Tukaenda kwa miguu mpaka mwisho, hakuna aliyekuwa ameukunja ule utepe.

Garini nilikuta simu sita ambazo sikupokea na ujumbe wa Mwakio: "Dada, tumemaliza. Nimekutupia udongo wako." Nikasoma, nikarudi kukunja mikeka. Ningefanya nini kingine?

Video ya mazishi aliyonirekodia Mwakio iko kwenye simu. Sijaifungua. Jumapili nikitoka kanisani kidole bado kinakwenda kwenye jina lako. Wiki iliyopita kilibonyeza kabla sijakizuia, na simu yako ikaita, na ikapokewa. Ni Mwakio. Alisema, "Haloo, Dada," kisha laini ikakatika. Sikumpigia tena. Na mimi ndiye mkubwa, Mama.

Shule ikifungwa Aprili nakuja. Hiyo ndiyo ahadi, na safari hii karatasi zipo. Nitapanda kile kilima mpaka mlangoni kwako, nipige hodi, nisubiri kwa muda ule ule uliokuwa ukitumia kutoka jikoni, ukijifuta mikono. Nitausubiri wote. Halafu nitaufungua mlango mwenyewe.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Mghoi