Kiondo cha Nyayo za Kware

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Viondo kumi na kimoja vimelala kitanda cha wageni kama wagonjwa. Gachoki wa ile ofisi ya mtaa wa Majimbo, kampuni inayonunua viondo vyetu, hajaja kuvichukua tangu Juni. Simu hashiki. Nikivipeleka soko la Karurumo tupate unga — hapana! Nelius, bibi ya kijana yangu, amenisomea tena ile karatasi ya Kizungu. Dizaini ya nyayo za kware ni yao sasa. Nikiuzia mtu mwingine, ni kesi. Dizaini yangu! Niliianza kabla mamake Gachoki hajaota meno.

Na nilijifunga mwenyewe siku ya kutia sahihi. Wenzangu waliweka kidole. Mimi nikaitisha kalamu, nikaandika majina yote matatu, wajue huyu alifika darasa la nne. Kuuliza imeandikwa nini, sikuuliza. Kiburi!

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu Teresia amekuja. Anamwoza binti yake Jumamosi, anataka kiondo cha kumpa mama mkwe wa msichana. Cha nyayo za kware, kama kile mamake alichukua kwangu. Nikasema haiwezekani. Akacheka — eti cucu, nyanya yetu, siku hizi wewe ni mali ya kampuni? Nikamwambia funga mdomo, nitakusukia kingine kizuri zaidi. Ameacha debe la mahindi, ndiyo malipo. Nelius ameshayapeleka posho mill. Sasa kurudi nyuma hakuna.

Alhamisi, 7 Agosti

Nasuka mistari mitupu. Mistari! Hata mtoto wa nasari angesuka hii.

Nelius ananionyesha simu. Ofisi imeweka picha yangu, nacheka na mapengo yote, kiondo begani. Watu maelfu wameipenda. Eti mama, wewe ni staa. Staa anakunywa chai ya rangi! Nimemwambia aondoe hiyo kitu usoni mwangu, aende akatafutie mbuzi majani.

Nilikuwa na hizo hasira, mikono ikisuka. Kuangalia — nyayo za kware! Mizunguko minne. Nimefumua. Nimevigombeza vidole.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefumua mara tatu. Kamba za makonge zimeanza kuchanika, hazifumuliki tena.

Saa kumi nimemaliza. Nimekiinua kwa mwanga. Nyayo za kware, kutoka kitako mpaka mdomo. Na kizuri! Sijawahi kusuka kizuri hivi.

Hodi. Ni Teresia. Nelius anamwambia ingia tu, mama yuko ndani anaandika.

Nimekikalia kiondo.