Osuri ya Chuma

Baba,

Najua hukupenda barua. Ukiletewa moja uliigeuza nyuma na mbele kutafuta muhuri wa mahakama, ndipo ukamkabidhi Mama akusomee. Hii nimemsomea mwanzo wake akaniambia niendelee tu. Amekaa hatua kumi kutoka hapa, juu ya mtungi mtupu wa gesi, anamenya njugu na hataki kuniangalia. Kesho asubuhi sanamu yangu inafunguliwa kwa watu kwenye ukumbi wa maonyesho hapa Kisumu. Ndugu yako, Baba Mdogo, alisema kama kufikia leo jioni sitakuwa nimeikata osuri yako kutoka kichwani mwake, basi Mama atakaa peke yake bomani kule Asembo, na hakuna mtu wa ukoo atakayekanyaga mlango wake, awe mgonjwa, awe amekufa. Nimekuwa na hofu wiki nzima, na hasira pia, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako wewe.

Sanamu yenyewe ungeicheka kwanza. Ni ndefu kuliko mtu. Mabega ni springi za lori. Kiuno ni kifuniko cha injini ya boti nilichookota ufukweni. Sketi ni makarai ya kukaangia samaki, yale ambayo akina mama huyatupa yakishatoboka. Nimeyakata vipande na kuviunga kwa waya. Mkono mmoja ni jembe, mwingine ni mwiko wa chuma. Uso ni kofia yako ya kuchomelea, ile yenye kioo kilichokwaruzika. Kila anayeingia yadi yangu huniuliza kama ni mwanamume au mwanamke, nami humwambia azunguke nyuma atazame vizuri. Akirudi huwa bado hajui. Miaka kumi sasa hiyo ndiyo kazi yangu, kuokota vyuma ambavyo kila mmoja alishaambiwa ni vya kike au vya kiume, na kuvichomelea pamoja mpaka watu waanze kubishana.

Na juu kabisa kichwani iko osuri yako.

Wewe huna haja ya kuelezwa osuri ni nini, lakini vijana wa mjini huniuliza, na huwa nawaeleza hivi: ni ule mti mwembamba unaochomoza kwenye kilele cha paa la nyumba ya mwenye boma. Mpita njia akiuona anajua mwanamume wa hapa yuko hai. Akifa, wanaume wa ukoo wanapanda, wanauvunja, na kuanzia siku hiyo ile nyumba ni ya mjane. Tena ni wanaume peke yao. Mwanamke hapandi juu ya paa, hata kama mvua inamnyeshea kitandani.

Ulipoezua nyasi ukaweka mabati, watu walikutania kwamba sasa umekuwa mzungu, nyumba yako haina hata osuri. Hukupenda. Mimi nilikuwa shule ya bweni muhula ule, na niliporudi niliikuta iko juu: bomba la maji ulilolinyoosha, na beringi ya baiskeli kwenye ncha yake, inang'aa. Ulikuwa umetoboa bati ukalichomelea bomba kwenye chuma cha dari kwa chini, mshono wa kuzunguka wote. Ulijisifu kwamba upepo wa ziwa hauwezi kuitoa. Baba, fundi mzima, ulitengeneza kitu ambacho ni lazima kije kuvunjwa, na ukakitengeneza kisivunjike.

Kwa huo mshono nilikuwa nakuonea wivu. Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama mshono kabla sijajua kushika rodi ya kuchomelea. Nilipokuwa darasa la saba ulinipa kofia ile ikanifunika mpaka mabegani, ukasimama nyuma yangu na kunishika kiwiko, ukaniambia nisikilize, chuma kikiiva kinalia kama mafuta yanayokaanga. Tulipokuwa wawili yadi uliniita fundi. Nilikuwa naifagia ile yadi kwa furaha ili nilisikie hilo neno tena. Mteja akitokea langoni, uliniambia nikachemshe chai.

Kuna geti moja sijalisahau. Mwalimu mmoja wa Maseno aliagiza geti la milango miwili, nawe mgongo ulikuwa unakuuma, ukaniachia. Nililimaliza kwa siku nne, maua na yote. Siku ya kulichukua yule mwalimu alipitisha kidole kwenye maungio, akasema mkono wa huyu kijana wako ni safi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika, mikono imejaa vidonda vya cheche. Ulitabasamu ukamwambia, "Ochieng' anajifunza haraka." Ochieng' kaka yangu, ambaye mpaka leo hawezi kutofautisha rodi na msumari, naye anajua, tunacheka naye. Lakini siku ile sikucheka. Nilimwaga chai yote kwenye mchanga, na wewe ukajifanya hukuona.

Ulipokufa walikuja kuivunja.

Walipanda wawili, wakaivuta, wakaisukuma, wakaipiga nyundo. Haikutikisika. Wakaleta msumeno wa chuma, ukakatika. Waombolezaji wote walikuwa wamesimama uani wanatazama juu, na kadiri muda ulivyokwenda nikasikia minong'ono kwamba marehemu hataki kuondoka. Nilijua ni mshono tu. Nikaenda nikaleta jenereta na grinda yangu ya kukatia chuma kutoka kwenye gari. Baba Mdogo aliichukua mikononi mwangu bila kuniangalia, akampa mwanawe, ambaye alikuwa hajawahi kuishika maishani mwake. Ikabidi nisimame chini, nguo ya matanga mwilini, nimwelekeze kwa sauti namna ya kukata osuri ya baba yangu mwenyewe. Shikilia kwa mikono miwili. Usiikandamize. Alikandamiza, jiwe la kukatia likaruka, likachana bati karibu hatua nzima. Mara ya pili ndiyo akaikata. Ilianguka kwenye migomba, wakairusha nyuma ya boma, wakaenda kunawa.

Niliifuata jioni ile ile nikaifunga kwenye leso. Mama aliniona. Ilikaa chini ya meza yangu ya kazi miaka miwili kabla sijathubutu kuigusa.

Msimamizi wa ukumbi ndiye aliyetoa picha ya sanamu kwa ajili ya tangazo, na picha ikazunguka mpaka ikafika kwenye kundi la familia kwenye simu. Baba Mdogo aliitambua kwa ile beringi. Alinipigia kabla ya saa moja kupita. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia nimechukua kitu cha mwanamume aliyekufa nikamvika mwanamke wa makarai, na kwamba chira, ile laana ya kuvunja mwiko, haichagui, itaanza na Mama kwa sababu ndiye yuko karibu na kaburi. Nikamwambia ni kazi yangu. Akasema, "Hiyo kitu itoe. Usipotoa, usiniletee maneno siku mama yako atahitaji watu."

Nilimpigia Mama mara tatu wiki hii nimuulize anavyotaka. Kila mara aliniuliza kama nimekula. Ilinichoma sana, Baba. Mimi nina mji mzima wa kukimbilia. Yeye ana boma lile, wale mashemeji wanne, na yule mke wa shemeji anayemtekea maji goti likimzidi. Sanamu haimtekei mtu maji. Kwa hiyo leo asubuhi niliamua. Nikaweka ngazi, nikawasha grinda, nikaigusa osuri pale shingoni. Nimeichora mstari wa duara, si wa kina, lakini upo, mtu akisogea karibu atauona. Hapo ndipo lango lilipogongwa.

Alikuwa Mama, na mfuko wa njugu, vumbi la Asembo mpaka magotini. Alinitaka nizime ile mashine. Akaizunguka sanamu mara mbili polepole, akagusa makarai, akagusa kofia yako, kisha akataka kujua ni nini nafanya huko juu. Nikamwambia natoa osuri ili ndugu zako wamwache kwa amani. Nilitarajia ashukuru. Aliketi juu ya ule mtungi na kuniuliza kama nafikiri chuma kinaweza kujisimamia chenyewe wakati wa kuchomelewa.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na nikashuka ngazi.

Unajua wewe mwenyewe kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja anashika rodi, mwingine anashikilia bomba lisiyumbe mpaka mshono ukamate. Ochieng' alikuwa bweni shuleni, nami pia. Ndugu zako hukutaka waje, kwa sababu walikuwa wamekucheka na ulitaka waikute imesimama. Ukangoja Jumapili, boma zima liko kanisani kwenye sherehe ya mavuno. Mama alinieleza akitazama njugu zake. Alivua viatu, akafunga leso katikati ya miguu, akapanda. Alikaa juu ya paa la nyumba yake jua la saa sita, amefumba macho asiharibiwe na mwanga, ameishikilia osuri kwa mikono miwili huku wewe ukiwa chini ya bati unachoma. Alisema joto lilimpanda mpaka kwenye viwiko na hukumwambia aachie. Ulipomaliza mlikunywa maji, na ukamwapisha asimwambie mtu. Hata mimi.

Sasa unaona kwa nini nina hasira nawe. Nilidhani ni mimi tu uliyenificha nyuma ya birika la chai. Kumbe na yeye alikuwa huko huko. Nilitaka kukutukana, na hapo hapo nikatamani ungekuwepo nikukumbatie, kwa sababu ulivunja mwiko mkubwa kuliko wowote niliouvunja mimi na ukaogopa kusema. Nililia mbele yake. Aliniacha nilie, akanipa njugu.

Baba Mdogo alipiga simu saa nane kuulizia kama nimekata. Mama alinyoosha mkono nimpe. Nilisita, maana nilijua akisema hataweza kuyarudisha maneno, na yeye ndiye analala kule, si mimi. Akaichukua.

"Shemeji," akasema, "hiyo chuma ni mimi nilishika ikichomwa. Nilipanda huko juu na hii miguu yangu."

Nikasikia sauti ndogo ya Baba Mdogo ikiuliza ni siku gani, na Mama akamtajia ile Jumapili, na kwamba yeye shemeji alirudi kanisani akaisifu, akasema sasa ndugu yake ni mwanamume kamili. Akaanza kusema kuhusu chira. Mama alimngoja amalize.

"Tumelala chini yake miaka tisa na mvua haikuingia," akamwambia. "Imeanza kuingia siku nyinyi mlikata."

Baba Mdogo akakata simu. Mpaka sasa, saa kumi, hajapiga tena. Sijui kama kesho atakuja ukumbini na wazee, au kama maneno ya ukoo yameanza kusambaa tayari kule Asembo. Huenda Mama akirudi Jumatatu asipate wa kumtekea maji. Nilimwambia akae nami hapa. Alisema boma ni lake na hajalikimbia hata wewe ulipokuwa hai, na hapo alicheka kidogo. Njugu zilikuwa zinamwanguka lakini, Baba.

Grinda nimeifungia sandukuni. Ule mstari shingoni nimeuacha.

Halafu msimamizi wa ukumbi akatuma ujumbe kwamba kadi ya jina inachapishwa leo, nithibitishe. Mama akauliza kadi ni ya nini. Nikamwambia ni ya kuwajulisha watu nani aliyetengeneza. Akauliza imeandikwa nani. Nikamsomea, jina langu peke yake, na nikaona haya. Nikamwambia nitaongeza lako wewe, na lake, Mama Ochieng', kama anavyoitwa na kila mtu.

Akasema, "Ochieng' hakushika kitu. Andika Rosa."

Nilimwomba arudie. Akarudia, tena akalitaja herufi kwa herufi, akidhani siwezi kuliandika. Sikumbuki kukusikia ukiliita jina hilo, Baba, hata mara moja. Nimelitanguliza, langu likafuata, lako liko la tatu. Usinune. Lala vizuri huko ulipo.

Ni mimi, fundi, binti yako
na wa Rosa.